Tope la Chini Ndilo Linaloua: Mwongozo Kamili wa Kukagua na Kuponya Sakafu ya Bwawa la Samaki, Moshi na Arusha

Ujumbe huwa unafanana. "Shikamoo kaka. Samaki wangu wamekufa alfajiri. Jana walikula vizuri, na maji nilibadilisha juzi tu. Shida ni nini?" Huyu yuko Kahe, yule Usa River, mwingine Machame. Nikiomba picha ya bwawa natumiwa picha ya maji. Nikiomba picha ya tope la chini, kimya.

Kisha mfugaji huyo anabadilisha maji tena, ananunua vifaranga vingine, anavimwaga juu ya tope lilelile, na baada ya miezi minne tunarudi palepale. Inaniuma, kwa sababu fedha hizo mara nyingi ni ada ya mtoto au akiba ya kikundi cha akina mama.

Mwongozo huu ni wa bwawa la udongo la maji baridi (yasiyo ya chumvi), la perege, sato au kambale. Mfano nitakaotumia ni bwawa la mita 10 kwa 20, yaani mita za mraba 200. Njia ya kukagua nimeiazima kwa wanaofuga samaki kwenye vizimba (nyumba za wavu) baharini, na sababu yake utaiona Hatua ya 3.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Ukikatiza kazi katikati kwa kukosa kitu kimoja, tope utakalokuwa umelivuruga litakuharibia vipimo.

- Bomba la PVC la inchi 2, urefu wa mita 2
- Mwanzi mnyoofu uliowekewa alama kila sentimita 5
- Beseni jeupe (jeupe kweli, rangi ya tope isomeke)
- Karatasi za kupimia pH (kipimo cha uchachu), chupa ya maji safi, daftari na kalamu
- Mabuti marefu na glavu za mpira
- Koleo, jembe, toroli
- Chokaa ya kilimo, kilo 20 hadi 40 kwa bwawa la mfano, lakini usinunue mpaka ufike Hatua ya 8
- Barakoa na miwani ya kukinga macho siku ya chokaa
- Wavu wa matundu madogo wa kufunga mtoleo (mahali maji yanapotokea bwawani)

Mabuti si mapambo. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani pembeni, na bwawa lililotelekezwa ni nyumba yao.

## Hatua ya 1: Panga tarehe kwa kuangalia mvua na zamu ya maji

Kukagua unaweza siku yoyote. Kukausha ni jambo jingine. Ukitoa maji Aprili katikati ya masika, bwawa halitakauka, litakuwa uji. Ukitoa Septemba litakauka upesi, lakini mfongo (mfereji wa jadi wa kumwagilia) una maji kidogo na zamu yako huenda ikawa mara moja kwa wiki, kwa hiyo bwawa litakaa tupu muda mrefu kuliko ulivyopanga.

Mimi hupenda Februari. Jua ni kali, tope linapasuka vizuri, na masika yakianza Machi maji ya kujazia yapo. Anayetegemea kisima ana uhuru zaidi. Anayetegemea mfongo aongee na wenzake wa mfongo kabla hajafungua mtoleo, awaeleze tarehe ya kutoa na tarehe ya kujaza. Ugomvi mwingi wa maji nilioushuhudia ulianzia kwenye kufungua bila kusema.

## Hatua ya 2: Chota tope sehemu tano

Fanya asubuhi, kabla ya kulisha. Chagua sehemu hizi: maji yanapoingilia, mahali pa kulishia, katikati, kona tulivu kuliko zote, na karibu na mtoleo.

Kwa nini tano? Kwa sababu sakafu ya bwawa haifanani. Unaweza kuchota maji yanapoingilia ukakuta mchanga safi, ukajipongeza, kumbe mita nane mbele, pale unapomwaga chakula kila siku, kuna shimo la uozo.

Ingia polepole ukitokea ukingoni, usiburuze miguu. Shindilia bomba kwenye tope sentimita 20 hivi, ziba mdomo wa juu kwa kiganja ukibana vizuri, kisha livute juu bila kulegeza. Mimina tope kwenye beseni likiwa bado limeshikana. Ukifanya sawasawa utaona tabaka zake kama kipande cha keki kilichokatwa. Likimwagika kama uji, hiyo nayo ni taarifa, iandike.

Kila sehemu zamisha pia mwanzi mpaka ugote kwenye udongo mgumu wa asili. Kutoka juu ya tope laini hadi hapo ndicho kina cha tope.

Tahadhari: usifanye kazi hii peke yako. Kwenye tope la magotini mtu hunasa, na watoto wasikaribie kabisa.

## Hatua ya 3: Lisome tope kwa alama tano

Kila alama ipe 0, 1 au 2. Mpangilio wa pointi ni wangu wa shambani, lakini vitu vinavyoangaliwa si vyangu. Norwe, wanakofuga samoni kwenye vizimba, sakafu ya bahari chini ya kizimba hukaguliwa kwa kuchota udongo na kuangalia rangi, harufu, mapovu ya gesi, ulaini na unene wa uchafu, pamoja na pH na wanyama wanaoishi humo. Vitu vitano vya kwanza vyote unaweza kuviona, kuvinusa na kuvishika bila maabara.

Rangi. Kahawia au kijivu hafifu juu, 0. Ngozi nyembamba ya kahawia na weusi chini yake, 1. Jeusi tangu juu kabisa, 2. Hiyo ngozi ya kahawia ni muhimu mno: ndiyo sehemu ambayo oksijeni bado inafika, na hata ikiwa ya milimita chache tu huzuia sumu za chini zisipande kwenye maji.

Harufu. Ya udongo uliolowa, 0. Ya majani yaliyovunda, 1. Ya mayai yaliyooza, 2.

Mapovu. Hakuna, 0. Yanatoka ukichoma mwanzi, 1. Yanapanda yenyewe, 2.

Ulaini. Tope linashikana ukilifinya, 0. Linateleza kati ya vidole, 1. Linatiririka kama mafuta, 2.

Kina. Chini ya sentimita 5, 0. Kati ya 5 na 15, 1. Zaidi ya 15, 2.

Jumlisha kwa kila sehemu. Pointi 0 hadi 3, sakafu ni nzima. 4 hadi 6, imeanza kuugua: punguza chakula sasa na panga kukausha baada ya mavuno. 7 na kuendelea, usisubiri samaki wakue zaidi, panga kuvuna mapema. Na usitafute wastani. Sehemu mbaya kuliko zote ndiyo inayotoa hukumu, kwa sababu mvua ikivuruga bwawa tope la hapo ndilo litakalosambaa.

Ukikuta vijidudu vyekundu vyembamba kama uzi vikijinyonganyonga, usishtuke. Uchafu upo mwingi, lakini uhai bado upo. Tope jeusi lisilo na kiumbe hata kimoja ndilo la kuhofia.

### Kwa nini bahari inatufundisha bwawa

Chini ya kizimba cha baharini huanguka vitu viwili mchana na usiku: chakula kisicholiwa na kinyesi. Bakteria huvila, na katika kuvila hutumia oksijeni. Oksijeni ikiisha, bakteria wa aina nyingine hushika kazi. Maji ya bahari yana salfeti (aina ya chumvi) nyingi, kiasi cha gramu 2.7 kwa lita, na hao bakteria huigeuza kuwa hidrojeni salfaidi, ile gesi ya mayai yaliyooza. Tope huwa jeusi. Juu yake huota utando mweupe wa bakteria wanaoitwa Beggiatoa. Chaza, kaa na minyoo wa aina nyingi hutoweka, akabaki mnyoo mdogo Capitella kwa maelfu. Katika Bahari ya Mediterania mashamba ya nyasi bahari yamekufa chini ya vizimba na kandokando yake.

Maji yetu ya mlimani hayana salfeti kiasi hicho, kwa hiyo uozo wa bwawani hutoa zaidi methani, ndiyo yale mapovu, na amonia, sumu itokanayo na kinyesi na uozo. Harufu ya mayai ukiikuta bwawani, chukua hatua siku hiyohiyo.

Kuna tofauti nyingine inayotuumiza sisi wa juu. Arusha mjini ni kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto lilelile maji hapo hushika oksijeni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko Tanga. Akiba yetu ni ndogo tangu mwanzo. Baharini, mkondo huja na maji mapya. Bwawani hakuna mkondo. Kuna upepo na kijani cha maji (mimea midogo mno inayoelea) tu, na usiku hicho kijani nacho hutumia oksijeni. Ndiyo maana vifo hutokea alfajiri.

Wenye ndugu Tanga au Mtwara wanaofikiria vizimba: kizimba hakikaushwi. Dawa ya baharini ni kuchagua mahali penye kina na mkondo, mbali na matumbawe na nyasi bahari, na kupumzisha eneo baada ya kuvuna. Norwe hupumzisha kwa miezi isiyopungua miwili. Sisi wa mabwawa tuna bahati ya kuweza kuliangalia tope letu usoni, na tuitumie.

## Hatua ya 4: Kama samaki bado wamo

Hapa ndipo wengi wanapopoteza samaki. Mtu akishajua tope ni baya anachukua reki au tawi la mti "alisafishe". Usifanye hivyo. Ukilivuruga unaachia kwa dakika chache gesi na amonia iliyokuwa imefungiwa chini kwa miezi, na oksijeni ya maji inaliwa papo hapo. Ndicho kinachofanywa pia na mvua kubwa ya baridi: maji baridi huzama, ya chini hupanda, na asubuhi samaki wanahema juu.

Wala usimwage chokaa ya ujenzi kwenye maji yenye samaki. Huipandisha pH ghafla, na pH ikipanda amonia isiyo na madhara makubwa hugeuka ile yenye sumu. Niliwahi kushauriwa hivyo na mtu niliyemwamini, nikafuata, na kufika jioni nilikuwa nikiokota perege kwa ndoo.

Fanya haya: simamisha chakula siku mbili au tatu, ongeza maji safi kidogo kidogo yakianguka kutoka juu ili yabebe hewa, usiweke samadi, kisha vuna mara tu upatapo soko.

Dalili kwamba umefanikiwa: alfajiri mbili mfululizo samaki hawahemi juu, na ukirusha punje chache wanazifuata.

## Hatua ya 5: Toa maji bila kuwaharibia walio chini yako

Soma hatua hii mara mbili.

Mito ya Themi, Nduruma na Usa upande wa Arusha, Kikafu, Weruweru na Karanga upande wa Moshi, yote huishia mto Kikuletwa, na Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo ni mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Tope unalolisukumia kwenye mfongo leo halijapotea. Linapita kwa mama anayechota maji ya kupikia, linakwenda kutulia kwenye sakafu ya wavuvi wa Nyumba ya Mungu, na linakula oksijeni ya huko.

Sehemu chafu ni robo ya mwisho ya maji, ile inayotoka ikiwa imechanganyika na tope miguu ya wavunaji ikiwa imekwisha kulivuruga. Basi toa robo tatu za kwanza taratibu, kwa kuchota maji ya juu. Vuna. Kisha funga mtoleo, iache robo iliyobaki itulie siku mbili au tatu. Maji yakitakata, yatoe polepole kupitia kwenye ukanda wa majani ya guatemala au majani ya tembo, au yaelekeze migombani. Yakianza kutoka meusi, funga, na kilichobaki kiachie jua.

Mtoleo uwe na wavu wakati wote. Kifaranga cha sato kikitoroka hakirudi, na bonde la Pangani lina perege wake wa asili ambao hawana pengine pa kuishi.

Kumbuka pia sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na vibali vya kutumia maji na kutiririsha maji hushughulikiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake ipo Moshi. Nenda kabla hujachimba bwawa la pili.

Utajua umefanya vizuri ukishuka mita mia moja chini ya mtoleo ukakuta maji ya mfereji hayajabadilika rangi.

## Hatua ya 6: Kausha mpaka ipasuke

Wiki moja hadi mbili za jua kwa kawaida hutosha. Lengo ni nyufa zenye kina cha sentimita 5 hadi 10. Kupitia nyufa hizo hewa hushuka, na bakteria wanaotumia oksijeni humaliza uozo ambao usingeisha kwa miezi chini ya maji.

Usikaushe mpaka tope liwe vumbi. Bakteria hao wanahitaji unyevu kidogo, na tope lililokauka kama tofali huacha kuoza. Ukiona ganda la juu limekuwa jeupe na gumu huku chini bado jeusi, livunje kwa jembe, ligeuze, uliache siku nne zaidi.

Chimba kipande karibu na mtoleo na kingine palipokuwa pa kulishia. Weusi ukiwa umegeuka kahawia na harufu imebaki ya shamba baada ya mvua, endelea.

## Hatua ya 7: Hamisha tope lililozidi

Usitoe tope lote. Tabaka la chini lina udongo mfinyanzi unaozuia maji kuvuja na rutuba inayoanzisha kijani cha maji. Toa mahali penye kina cha zaidi ya sentimita 15 tu, ambapo kwa kawaida ni pale pa kulishia na kwenye mtoleo.

Piga hesabu kabla hujaajiri vibarua: sentimita 10 kwenye bwawa zima la mita za mraba 200 ni mita za ujazo 20. Kwa toroli la lita 60 hizo ni safari zaidi ya 330. Tope likishakauka husinyaa na kupungua uzito, ndiyo maana hatua hii inakuja baada ya kukausha.

Lipeleke kihambani (shamba la nyumbani), kwenye mashimo ya migomba, si shinani kabisa. Lifunike kwa majani makavu. Usilirundike juu ya ukingo wa bwawa, maana mvua ya kwanza italirudisha lilikotoka. Nimeona kazi ya siku tatu ikirudi bwawani usiku mmoja.

## Hatua ya 8: Chokaa, baada ya kupima

Changanya udongo mkavu wa sakafuni na maji safi sawa kwa sawa, koroga, subiri dakika 20, chovya karatasi ya pH.

Ikiwa 7 au zaidi, chokaa ya kilimo haina kazi hapo. Sehemu nyingi za Arusha zina maji yenye magadi, na watu humwaga chokaa kwa mazoea tu. Ikiwa chini ya 7, tandaza kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, nyingi zaidi kadiri udongo ulivyo mchachu. Rusha siku isiyo na upepo, hasa kwenye madoa yenye unyevu, kisha changanya kwa jembe kijuujuu.

Chokaa ya ujenzi inaweza kutumika kuua vimelea kwenye bwawa tupu, lakini inaunguza macho na ngozi, na lazima usubiri mpaka pH ya maji ishuke chini ya 9 kabla ya vifaranga. Kwa anayeanza, sishauri.

## Hatua ya 9: Jaza na usiharakishe

Maji ya kwanza ya masika yanakuja na udongo wa barabara na mashamba. Yaache yapite siku moja mbili. Jaza kupitia wavu, ukianza na sentimita 30, subiri siku tatu hadi tano maji yapate kijani, ndipo ujaze yote.

Zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Vidole vikianza kufifia maji yakikaribia kiwiko, kijani kinatosha. Vikififia maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, kimezidi, na usiongeze mbolea.

Weka samaki 20 wa majaribio ndani ya kizimba kidogo cha wavu kinachogusa chini, siku mbili. Wakiwa hai na wachangamfu asubuhi ya tatu, leta waliobaki.

## Hatua ya 10: Lisha ili tope lisirudi

Sehemu kubwa ya tope ulilolihamisha kwa toroli ulikuwa umelinunua kwa kilo. Katika naitrojeni ya chakula unachotoa, kiasi cha robo hadi theluthi tu ndiyo hubaki mwilini mwa samaki. Iliyobaki huenda kwenye maji na tope, hata samaki wakila kila punje. Wasipokula, fikiria.

Samaki 600 wa gramu 150 ni kilo 90. Kwa asilimia 3 ya uzito ni kilo 2.7 kwa siku, ugawe mara mbili. Chakula kinachoelea ni rahisi: kilichobaki juu baada ya dakika 15 hadi 20 ni cha kupunguza kesho. Wanaotumia pumba na mashudu ya alizeti, ambayo huzama, wafunge ungo kwenye mti, wauzamishe mahali pa kulishia na kuweka chakula humo. Baada ya nusu saa inua ungo uone. Ukiwa na mabaki siku mbili mfululizo, punguza robo.

Juni hadi Agosti punguza zaidi, hasa Arusha na Machame ya juu. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 perege hula kidogo sana, na anayewalisha kwa ratiba ya Januari analisha tope. Hamisha pia mahali pa kulishia kila wiki mbili, uchafu usilundikane sehemu moja.

Kila mwezi rudia Hatua ya 2 na ya 3 mahali pa kulishia tu. Ni kazi ya dakika kumi. Andika tarehe, pointi, na kilo za chakula ulizotoa mwezi huo kwenye mstari mmoja wa daftari. Ukinitafuta samaki wakihema, daftari hilo ndilo nitakaloomba kwanza.